Fundo la Baba

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, ukiacha magoti. Wanangu hapo kwako wanadhani baba yao anashinda akitazama twiga. Waache wadhani hivyo. Usiwaambie kwamba askari wa wanyamapori anashinda akinusa mizoga na kulala na buti miguuni.

Asante kwa soksi. Panya wamekula moja.

Uliniambia mdogo wetu siku hizi analeta nyama nyumbani, eti amepata kibarua buchani. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kweli.

Leo tumekuta mtego wa waya kwenye njia ya pundamilia. Nikapiga magoti niufungue, nikaliona fundo. Waya umezungushwa mara mbili, ncha ikarudishwa chini na kukunjiwa kushoto. Ni fundo la baba, lile la kufungia mbuzi, alilotufundisha sisi watatu tu. Na wewe hujawahi kutega hata panya.

Mkuu wangu akanishika bega. "Uache. Mwenyewe atakuja kuuangalia."

Ndiyo kazi yetu hiyo: tunajificha, tunamngoja. Amri ni kupiga risasi akikimbia, na mdogo wetu unamjua kwa mbio. Alfajiri zamu ni yangu. Nikikataa, atakaa mwenzangu, na huyo hakosi shabaha.

Simu huku hazishiki. Barua hii ataileta dereva wa lori la maji, wiki ijayo. Ikikufikia, mwite mdogo wetu. Akiitika, ichome. Asipoitika, usimsomee mama.

Mimi, mdogo wako mwenye bunduki.