Gundi Nyuma ya Sussex

Jumapili, 9 Novemba 2025
Nimechoka. Karakana yetu hapa Al-Murabba, Riyadh, imeletewa ramani kumi na mbili tuziwekee fremu. Mwenyewe ni Dokta Adnan, mstaafu, yuko Jeddah. Ni za kaunti za Uingereza — za miaka mia nne! Kumbe nao wana kaunti, magavana tu ndio hawana. Vilima kama vichuguu, miji ni vikanisa vidogo, baharini samaki kashinda meli kwa ukubwa. Barabara hakuna hata moja. Sijui watu walikuwa wanafikaje.

Binti yangu Maryann anaolewa huko nyumbani tarehe 22. Kafili, mwajiri ambaye bila idhini yake siwezi kutoka nchini, bado hajaidhinisha viza yangu ya kwenda na kurudi. Ramani kwanza, amesema.

Jumanne, 11 Novemba
Nimeanza na Sussex. Hewa ya Riyadh ni kavu, karatasi hujikunja, kwa hiyo kila kitu huwa tunakigandisha kwenye ubao — vyeti, picha za harusi, vyote. Gundi, mashine ya moto, dakika mbili, halas. Ikalala tuli. Nikaigeuza ya pili: nyuma kuna maandishi, ukurasa mzima! Zilitolewa kitabuni. Ya Sussex sikutazama. Miaka kumi na minne kazini, na sikugeuza karatasi!

Nimejaribu kubandua pembeni. Inachanika. Nimeacha.

Ernest, Mtanzania ninayefanya naye kazi, anacheka: "Kaka Hezron, nani anatazama mgongo wa picha ukutani? Funika na karatasi ya kaki, nenda kamwozeshe binti." Nimefunika. Zile kumi na moja nimezishikiza kwa kona tu, bila gundi.

Jumatatu, 17 Novemba
Viza bado. Kafili anataka nizipeleke Jeddah mwenyewe, nizitundike. Dokta akipokea kazi, viza itatoka, nipandie ndege hukohuko. Maryann amepiga simu kuuliza suti yangu ni rangi gani. Nimemwambia bluu. Sina suti.

Jumatano, 19 Novemba. Al-Safa, Jeddah
Zimetundikwa zote. Dokta ni mtu mzuri, na shida iko hapo. Amenikalisha, chai, tende, Kiingereza cha polepole. Anasema mmoja wa wachoraji wa kwanza wa ramani hizi alipofika Wales alikuwa na barua ya serikali ya malkia: wenyeji wampandishe mnarani aione nchi, kisha wampe mtu wa farasi amfikishe mji unaofuata. Barua moja tu! Mimi nangoja mtu abonyeze simu.

Saa nane kafili amebonyeza. Viza imetoka, ndege ni kesho asubuhi. Nilikaribia kulia.

Kisha dokta akasema Sussex ndiyo ya kwanza waliyonunua, yeye na marehemu mkewe. Mama huyo alikuwa akimsomea ule mgongo kwa sauti. Wajukuu wanakuja jioni, kwa hiyo nimfungulie fremu wauone. Nikasema sawa, baba. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Ameenda kuswali alasiri. Fremu iko mapajani mwangu, mlango uko wazi. Ningeweza kusema nimesahau bisibisi. Nikimwambia ukweli akampigia kafili, viza inafutwa leo leo.

Nimemwandikia Maryann: nisipofika, baba mdogo Duncan akae tayari kukusindikiza kanisani. Sasa anapiga. Anapiga tena. Sijapokea. Dokta anavua viatu mlangoni, ananiuliza kama nimeshafungua —