Teke la Bunduki ya Torquil

Ardlair, Jumamosi, mvua

Dada Seonag,

Habari za huko wodini? Naomba barua hii ikukute umekaa wima kitandani na unakula. Mimi mzima, ila goti. Farasi mzima. Kuku wako wazima, isipokuwa yule mwekundu kaacha kutaga. Shemeji kaniambia niandike kwamba naye mzima. Basi nimeandika.

Unanijua mimi na kalamu. Mke wangu Mairead alipofariki, hata barua za msiba uliniandikia wewe. Kwa hiyo nisamehe, nasema moja kwa moja.

Lile kovu juu ya jicho la mumeo Torquil siyo la geti kama alivyokwambia. Ni darubini ya bunduki. Msimu uliopita mgeni mmoja aliyelipia kuwinda alijeruhi kulungu dume, Torquil akalala chini ya mteremko ammalizie. Alilenga juu sana, uso karibu mno na kioo. Bunduki ikapiga teke, darubini ikamchana mpaka mfupa. Akanifunga mdomo, eti wewe ukijua hutalala kila akienda mlimani.

Kidonda kilipona. Yeye hakupona. Tangu siku ile, kabla risasi haijatoka anafumba macho na bega linaruka mbele, kama mtu anayengoja kofi. Risasi inaenda chini. Mwezi wa nane alimvunja dume mguu, akakimbia nao unaning'inia. Tulimtafuta mpaka kunguru wakatuonyesha alipo. Wageni walikwenda kusemea kwa Strachan, meneja mpya wa shamba la uwindaji.

Tukaanza mazoezi nyuma ya zizi la kondoo. Alitaka nimjazie bunduki mimi, nichanganye risasi za kweli na za bandia, asijue ipi ni ipi. Kwenye ya bandia ndipo unamjua mtu: bunduki hailii, anayeruka ni yeye. Akaruka. Tukaweka gunia begani. Tukaziba masikio kwa pamba. Kitako cha bunduki kimebanwa vizuri, shavu kwenye mbao, pumzi nusu, kidole taratibu kama unakamua ng'ombe. Vyote hivyo kanifundisha yeye. Akaruka. Lakini akijua zote ni za bandia, mkono jiwe.

Siku moja alinipa bunduki, atazame mtu mwingine anavyolala nayo. Mimi, mtu wa farasi na nguzo za uzio. Nikapiga, nikapiga tena. Akaenda kutazama kibao cha shabaha, akakaa huko. Akarudi akasema, "Mbwa wewe. Miaka yote umejificha nyuma ya mkia wa farasi." Tulicheka sana. Sijamwona akicheka tena.

Jumatatu Strachan akaja na buti zake mpya. Akasema msimu wa kuwinda majike umefika, na hapandi mtu mlimani na bunduki kabla hajampiga yule kulungu wa chuma wa kulengea shabaha mbele ya macho yake, awe mgeni, awe mwindaji wa shamba. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia Torquil aseme anaumwa. Alinijibu kwamba mwenye kuumwa nyumbani kwake ni mmoja, anatosha.

Akalala. Akaweka shavu. Nikaona shingo inakaza, nikajua. Alikaa vile mpaka mbwa akachoka kungoja, akajilaza. Kisha akainuka bila kupiga, akanipa mimi bunduki. Akamwambia Strachan bega lake limekwisha, mtu wa kazi ndiye huyu.

Nikalala. Nakwambia kweli, niliwaza nikose. Torquil akainama kama ananirekebishia gunia, akaninong'oneza: "Ukikosa makusudi wataleta mtu wa nje, na nyumba itakuwa yake. Seonag gari la wagonjwa litamshusha wapi?"

Chuma kikalia. Kikalia tena.

Ndiyo hivyo, dada. Kazi ya mumeo sasa ni yangu. Na nyumba yako, kwa karatasi zao, ni yangu, maana nyumba inafuata kazi. Kanikataza nisikwambie mpaka urudi. Lakini ungekuta bunduki iko kwangu, ungeniona mwizi. Kaeni humo. Mimi nalala kule kule pembeni ya banda la farasi. Nilimwendea Strachan amrudishie Torquil kazi, akanifungia mlango taratibu, kwa adabu.

Jana tulipanda. Mimi mbele na bunduki, shemeji nyuma na farasi. Nikapiga jike. Mtoto wake hakukimbia, alibaki anamnusa. Nikageuka kumuuliza Torquil, mazoea tu. Alikuwa anatazama kwato za farasi. Akasema, "Bwana wa mlima ni wewe. Usiniulize."

Mtoto haachwi, atakufa na baridi. Unajua. Nikampiga.

Dada, nilifumba macho. Bega likaruka lenyewe. Alianguka, lakini ilikuwa bahati tu. Torquil hakuona, au kaona kanyamaza. Jumatatu tunapanda tena, na sina wa kumpa bunduki.

Usimjibu yeye kuhusu haya. Nijibu mimi, au usijibu, pona tu. Bibi wa posta anakusalimu, na mchungaji kasema anakuombea. Yule kuku mwekundu simchinji mpaka useme.

Mdogo wako,
Fearchar