Nile na Nani?

Jumatatu, 6 Aprili
Muhogo wa nazi, samaki changu wa kukaanga, chai bila sukari. Nimefunika kawa, nimepeleka skuli. Siku ya tatu hii. Mume wangu Khamis yumo karantini humo skuli, chumba cha darasa la pili, na wenzake sita walioshuka boti ya Unguja. Siku kumi na nne hawatoki. Nilimwambia asiende harusini wakati huu wa maradhi. Akaenda. Sasa akome.

Nyumba imepoa bila makelele yake.

Jumatano, 8 Aprili
Nesi ananiambia chakula cha Mzee Khamis kinabaki kama kilivyokwenda. Nimekasirika. Moto nawasha tangu alfajiri kwa ajili ya nani?

Alhamisi, 9 Aprili
Kaanguka. Sindano ya kisukari kachoma, chakula hakula. Wamemnywesha maji ya sukari, kazinduka. Nikampigia simu kumuuliza ana nini.

"Nile na nani, Mama Asha? Kila mtu kapewa sahani yake na kona yake. Miye kula peke yangu sijui."

Nikamtukana, nikakata simu. Kisha nikalia. Ni kweli. Utotoni sinia moja na ndugu zake, ukubwani sinia moja na mimi, miaka thelathini na moja. Mimi mwenyewe siku hizi nadokoa nimesimama jikoni.

Ijumaa, 10 Aprili
Mwenzao mmoja ana homa, kapelekwa hospitali. Waliobaki wanaanza kuhesabu upya. Siku kumi na nne nyingine. Khamis akiendelea hivi bila kula hatoki hai.

Nampenda mzee huyu mkaidi. Naogopa.

Jumamosi, 11 Aprili
Nimepakua sahani mbili, nimebeba na mkeka. Nesi kampelekea moja, kisha kafunga kamba mbali na dirisha la darasa lao, kasema nisiivuke. Nikakaa hapo hapo uwanjani, juani. Wapita njia wananitazama: mwanamke mtu mzima, mwalimu mstaafu, anakula nje. Watazame. Nikasema bismillahi kwa sauti asikie. Nikala tonge la kwanza namwangalia. Nikala la pili. Akanawa mikono.

Kala nusu.

Jumatano, 15 Aprili
Leo kamaliza. Kainua sahani dirishani nione.

"Chumvi haba," kasema.

Nikamwambia mbona kaimaliza. Zimebaki siku tisa. Atalalamika zote. Nikakunja mkeka, nikapitia dukani kununua chumvi.