Ijumaa ya Tilda

Jumatatu, 1 Desemba

Mpendwa dada Verna,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako theluji imefika magotini na bomba la jikoni linagoma kila asubuhi mpaka nilipashe moto. Natumaini hujambo, binti yako Kaarin na mapacha wake wanaendelea vizuri, na goti lako limelifurahia jua la Arizona. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina. Juzi uliniuliza kwenye simu kwa nini naongea kama mtu aliyeshikwa koo, nikakujibu kwamba ni mafua. Si mafua, dada.

Nakuandikia kwa sababu ya Ijumaa. Mara tatu nimekupigia nikiwa na maneno tayari mdomoni, na mara zote tatu, uliposema haloo tu, nikajikuta nakueleza habari za theluji. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, nami siwezi kukata simu. Barua hii naipeleka posta leo hii kwa njia ya haraka, na wameniahidi itakufikia Jumatano. Isome yote, tafadhali, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Nianze na mgonjwa, mbwa wako. Tilda anakula. Jana nilimpa kipande cha mkate wa iliki, najua umekataza, akakimeza bila kutafuna na kunitazama kama mtu aliyepunjwa. Mshono wa mgongoni umekauka na manyoya yameanza kuota. Tangu daktari Halvorsen aniruhusu kurudi naye, siku ya tano baada ya upasuaji, kazi yangu imekuwa ni yeye. Mara nne kwa siku namkamua mkojo, kwa kuwa kibofu chake hakijui tena wakati wa kufunguka. Mwanzoni niliogopa kukibonyeza, nikidhani kitapasuka, mpaka daktari akanishika mkono na kunionyesha kubonyeza kama mtu anayekamua limau bila kutaka mbegu zitoke. Kisha namnyoosha miguu ya nyuma, mmoja mmoja, nikihesabu. Kisha napitisha taulo chini ya tumbo lake, namnyanyua nyuma, na tunatembea mpaka mlangoni, yeye kwa miguu yake miwili na mimi kwa yangu. Kila Alhamisi namshusha mjini, saa tatu za barabara ya barafu, wakamtembeze ndani ya tangi la maji ya uvuguvugu. Anayachukia maji yale kwa moyo wake wote.

Halafu namfinya kidole.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Daktari hubana mfupa wa kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo ndogo, kwa nguvu, kisha hautazami mguu, anautazama uso. Siku ya kwanza mimi nilitazama mguu. Nikauona unavutwa, nikataka kumkumbatia yule mama mbele ya watu. Naye akaniambia taratibu, "Mguu unaweza kuruka wenyewe. Ninayetaka anijibu ni Tilda." Anataka ageuze kichwa, alie, anung'unike, atake kumng'ata, lolote la kuonyesha kwamba maumivu yamefika kichwani. Tangu upasuaji hajageuza. Asubuhi na jioni nafinya, nautazama uso wake, naye anautazama mkate mezani. Nilipokuwa kijana nilizama kwenye barafu la ziwa mpaka shingoni, wewe ndiye uliyenivuta, unakumbuka. Sikuogopa siku ile kama ninavyokiogopa kidole hiki.

Sasa nirudi kwa yale niliyokueleza. Nilikwambia kwamba Jumamosi ile ya tarehe kumi na tano, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, nilirudi kutoka msituni saa kumi jioni, nikamkuta Tilda amejifungulia kizimba na kupanda kwenye kochi. Nilikwambia aliruka chini mbele ya macho yangu, na miguu ikafa palepale. Daktari nilimweleza hivyohivyo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili nikasema nina hakika, naye akaandika. Alimfungua mgongo, akatoa mabaki ya diski iliyopasuka, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya mgongo, na alipotoka akasema kwamba kazi yenyewe imekwenda vizuri, ila mbwa anayepoteza hisia papo hapo ni mbwa ambaye uti wake wa mgongo umepigwa kwa nguvu mno. Tungoje wiki tatu. Zikipita bila dalili, ni heri tumpumzishe kwa sindano kuliko kumburuta.

Nawe ulilia kwenye simu, kisha ukasema, "Usimtese, Reino. Marehemu Einar asingemtesa." Ukampigia daktari ukampa ruhusa ampumzishe Ijumaa hii. Nilisimama hapa jikoni nikiwa na simu mkononi, chini ya ile karatasi uliyoibandika mlangoni mwa friji kabla hujasafiri, mgongo ulipomsumbua mara ya kwanza: wiki sita kizimbani, asiruke, asipande ngazi, abebwe kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja matakoni. Nikasema sawa, dada.

Hakuna kochi, Verna. Hakufungua kizimba. Nilikifungua mimi.

Asubuhi ile nilimpiga kulungu dume mkubwa, nikampiga vibaya, nyuma ya mbavu. Akakimbilia kwenye kinamasi cha mierezi. Onni alikuwa kwenye kibanda chake cha kuwindia, jirani na changu, akaja tukatafuta pamoja, tukaona matone matatu ya damu, kisha hatukuona kitu. Unatujua. Mtu wa hapa anasamehewa mengi, lakini si kuacha mnyama aliyejeruhiwa afe peke yake porini. Na unamjua Onni. Akajiegemeza kwenye bunduki yake akasema, "Umewapikia mbwa mwitu chakula cha Krismasi. Einar angekuwepo, saa hizi tungekuwa tunakunywa kahawa."

Miaka ishirini nimesikia Einar angekuwepo, tangu alipokuwa hai akiwa tu amekwenda mjini. Mumeo nilimpenda, na amekwenda zake, lakini siku ile jina lake lilinichoma kama kaa la moto. Nikakumbuka kwamba mbwa aliyemfundisha mwenyewe kufuata damu yuko nyumbani kwangu. Ilikuwa wiki yake ya tano kizimbani. Dawa zilimfanya atembee vizuri, alikuwa anabweka ndani ya kizimba akitaka kucheza, nami nikajiambia amepona, daktari wetu wa hapa anaogopa kupita kiasi. Nilikwenda kumchukua, nikamfunga kamba ndefu. Dada, ungemwona. Pua chini, mkia juu, hakubabaika hata mara moja. Alitufikisha kwa yule kulungu adhuhuri, ameshakufa, ng'ambo ya gogo lililoanguka, na kabla sijavuta kamba Tilda akaliruka gogo. Akapiga yowe moja. Sehemu ya nyuma ikalala chini kama si yake.

Nilimbeba kwa mikono miwili, kama ulivyoandika, mpaka kwenye pikapu. Nikamfinya kidole, kwa sababu daktari wetu alinifundisha hivyo mwezi Oktoba. Akageuka akanig'ata. Alama ingali hapa, kwenye kidole gumba nilichoshikia kalamu. Alikuwa anahisi, Verna. Saa sita mchana alikuwa anahisi.

Na mimi nikamfunika blanketi, nikafunga mlango, nikarudi kwa kulungu. Siku ilikuwa na joto lisilo la Novemba, nikasema nyama itaharibika, nikasema ni kazi ya nusu saa. Onni alisema niende tu, yeye atamalizia. Nikamjibu mnyama ni wangu na nitamtoa mwenyewe. Kumpasua, kumburuta kwenye kinamasi, kumpandisha mlima: nilifika garini saa kumi. Nilipomfinya tena alinilamba.

Niliendesha kwa muda wa saa tatu mpaka mjini nikiwa na kulungu nyuma na mbwa wako pembeni, na njiani nikatunga habari ya kochi. Nilimwogopa daktari, nikakuogopa wewe, nikamwogopa na Einar, ambaye hawezi tena kunifanya lolote. Sikujua kwamba saa nilizozificha ndizo daktari alizozihitaji.

Hilo nimelijua leo asubuhi. Nilimpigia nikamwambia yote, pamoja na kidole gumba. Aliniuliza saa za kila kitu, nikamtajia. Kisha akasema kwamba mbwa aliyepoteza hisia kidogo kidogo kwa muda wa saa nne si sawa na yule aliyepigwa papo hapo. Kwamba uti wa huyu ulibanwa, na uliobanwa huweza kuamka ukichelewa. Hakuniahidi kitu. Angekuwa yeye, alisema, angengoja wiki sita zaidi kabla ya kukata tamaa. Nikamwomba basi aifute Ijumaa. Akasema, "Ruhusa niliyonayo ni ya dada yako. Mbwa si wako, Reino. Kamwambie mwenye mbwa." Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii, maana najua nikiuomba utaanza kufikiria habari zangu. Ukitaka kunikatia simu mpaka tuzeeke, nitaelewa. Onni atamtunza Tilda ukitaka atoke mikononi mwangu. Nimeshamuuliza, amekubali, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutania.

Ninapoandika amelala miguuni pangu. Kila nikisogeza kiti anainua kichwa, masikio yanasimama, na akiona ni mimi anafurahi. Ananilamba mkono huu huu. Nimekaa siku kumi na sita nikingoja anikasirikie, na hawezi, hajui. Wewe unaweza. Nikasirikie, dada, unayo haki yote, lakini fanya hivyo Jumamosi. Jumatano, ukishaikunja karatasi hii, mpigie daktari.

Wasalimie Kaarin na baba watoto, na uwabusu mapacha kwa niaba ya babu yao.

Ndimi mdogo wako,
Reino