Vijiti vya Manibe

Koboko, Jumatatu

Mjukuu wangu Jamilah,

Mungu akufunike. Umeamkaje huko Kampala? Unakula, au ni chai tu mbele ya kompyuta? Mimi ni magoti tu yanayonisumbua. Anayeandika ni Mwalimu Hakim. Nimemkataza kupamba maneno yangu.

Hapa njaa imeingia, mama. Muhogo uko kijani, unapendeza. Ukichimba, ndani umeoza, kahawia kama tumbaku. Shangazi yako Shamim anapika majani asubuhi na jioni, watoto wanalia wakiona sufuria.

Wewe na wenzako wa maabara mlipokuja kuchuma majani ya muhogo ya kupima, ulitueleza virusi vina ukoo: vikizaana vinabadilika kidogo, na kompyuta inalinganisha mabadiliko hayo mpaka ijue nani mtoto wa nani. Nikakuuliza kama inajua pia watoto wa nje, ukacheka. Mwezi uliopita ukaleta jibu: virusi vyetu vimezaliwa na vya Manibe, vilifika huku kama miaka miwili nyuma.

Jibu lako limewasha moto. Miaka miwili nyuma ndipo Okuonzi alihamia hapa kutoka Manibe. Wameng'oa shamba lake, mkewe Pasca anafukuzwa kisimani, na Ijumaa wazee wanawatoa kijijini. Wanasema kompyuta imemtaja.

Haikumtaja. Ilitaja Manibe tu.

Jamilah, ni mimi. Mwaka ule nilikwenda Manibe kumzika rafiki yangu Jane. Watu wa kilimo walikuwa wamezungushia shamba lake utepe mwekundu, wakakataza kukata vijiti vya mbegu. Mimi nikaona majani mazuri, nikasema wasomi hawa waoga. Sisi hatutoki matanga ya rafiki bila mbegu ya shamba lake. Nikafunga vijiti kwenye kitenge, nikagawia nyumba tisa. Okuonzi alipofika na sufuria na watoto tu, mimi ndiye niliyempa mbegu.

Jana nimewaambia wazee. Afedra, mkubwa wao, akasema eti bibi amezeeka vibaya, apewe chai arudishwe nyumbani. Wanaamini kompyuta, si mimi.

Njoo kabla ya Ijumaa. Waambie kwa mdomo wako kwamba kompyuta haijui majina ya watu. Nyuma ya jiko langu yako mashina matatu yaliyoota kutoka vijiti vile vile. Yapime mbele yao, kisha yachome. Usinionee haya. Wakinifukuza mimi, nitakuja kwako. Okuonzi hana pa kwenda.

Wasalimie wote wanaokulisha. Shamim anakusalimu, ingawa tangu jana hasemi nami.

Bibi yako anayekupenda kwa nguvu zote,
Medina