Pumzi za Optatus

S.L.P. 418,
Dodoma.
9 Novemba, 1996

Mpendwa Shemeji Nikodemo,

Shikamoo, shemeji. Hamjambo huko Lusaka? Dada Miriam anaendeleaje na miguu yake, bado inamvimba? Na watoto, wameshazoea shule? Huku kwetu jua ni kali, mvua bado, na upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye vyombo vilivyofunikwa. Mimi mwenyewe ni mzima. Ritha na Fabian nao ni wazima, ila hawapo hapa. Nimewapeleka Haneti kwa bibi yao, mama yangu, na sababu utaiona.

Ningependa kuandika kwamba mdogo wako naye hajambo, lakini siwezi. Optatus anaumwa, shemeji, na mimi nimefika mwisho.

Ulisikia kwamba shirika lililokuwa na bendi yao lilipouzwa, bendi ilivunjwa. Wenzake wengine walikwenda Dar, wengine wakarudi kulima. Yeye alibaki hapa kwa ajili ya kazi yangu ya uchapaji. Hakuwa na mpiga ngoma wala mpiga gitaa, alikuwa na saksafoni yake tu. Siku zile alikuwa anaipakata mapajani bila kuipuliza, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Kilichomwamsha ni mashine. Kuna fundi wa redio karibu na soko, anaitwa Alnashir, mtu mwema sana. Alinunua mnadani mashine mbili kubwa za kurekodia, wakazipanga hapa sebuleni, utepe mmoja ukipita kwenye zote mbili. Optatus akipuliza, ya kwanza inanasa. Baada ya kitambo kidogo ya pili inaitoa sauti ile ile kwenye spika, naye anaijibu, na jibu lake nalo linanaswa. Mtu mmoja anakuwa kama watano. Wala hana wimbo alioupanga, anaanza na sauti yoyote inayomjia siku hiyo. Mwanzoni nilikereka. Baadaye nikawa naacha kuosha vyombo ili nisikilize, maana nilimwona mume wangu akicheka tena.

Kisha kikaja kikohozi. Hospitali wakasema ni kifua kikuu. Alimeza dawa, akapata nafuu, akaziacha, tena kwa siri. Kiliporudi kilirudi na hasira. Nikaanza kuona anapuliza kidogo, anakaa, anaiachia mashine iendelee. Alnashir naye aliliona. Akanivuta pembeni, akasema, "Mama Ritha, zamani mashine ilikuwa inamfuata. Sasa yeye ndiye anayeiegemea."

Mwezi uliopita walipiga kwenye ukumbi wa jamii. Nilimkataza, hakusikia. Watu walikuja wakidhani ni dansi. Walipoona mtu mmoja na mashine, wengi walitoka wakinung'unika. Waliobaki walikuwa wameanza kutulia pale kikohozi kilipomshika, mdomo ukiwa bado karibu na maikrofoni. Shemeji, mashine ilikinasa. Kikohozi cha mume wangu kikatoka kwenye spika, kikazunguka ukumbi mzima, kikarudi tena, na tena. Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Alnashir aliinuka azime, Optatus akamzuia kwa mkono. Akaikamata saksafoni, akaanza kupiga juu ya kikohozi chake mwenyewe, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. Sijawahi kusikia muziki wa namna ile na sitaki kuusikia tena. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Daktari anataka alazwe hospitali ya kifua, mbali na hapa, kwa miezi mingi, na asipulize chochote. Nimempigia magoti. Jibu lake ni moja.

"Huko nitalala kimya, Evelina, na nitakufa kimya. Niache hapa."

Padri amekuja, amesikilizwa kwa heshima, ameondoka. Mama amekuja kutoka Haneti, akalia, akarudi zake.

Juzi nilitoka kazini nikakuta mashine zinazunguka. Saksafoni ilikuwa ndani ya kasha lake. Yeye amekaa mbele ya maikrofoni, anapumua tu. Pumzi zake zinatoka kwenye spika, nyingi, zimepandana, chumba kimejaa kama wamelala watu kumi humo.

Nikamwuliza, "Unafanya nini, Baba Ritha?"

"Nasikiliza zimebaki ngapi."

Nikaketi chini, karibu na miguu yake. Na kweli, shemeji, kwa muda nilifarijika. Zilikuwa pumzi kubwa, zimetanda, nikajidanganya kwamba mtu mwenye pumzi zile hawezi kuondoka kesho.

Kisha umeme ukakatika, unajua mgao ulivyo. Sauti ikazama, ikawa nzito, ikafa. Nikabaki nimetega sikio. Nilisikia mbwa wa jirani, nikasikia upepo kwenye bati. Yeye sikumsikia. Ilinibidi niinuke, niweke sikio karibu kabisa na mdomo wake, ndipo nikaipata pumzi yake. Ni ndogo mno, shemeji. Mashine ndiyo iliyokuwa inaikuza.

Njoo. Wewe ndiye uliyempa ala ya kwanza kule Mpwapwa, kwenye bendi ya shule, na tangu hapo hajawahi kukubishia. Mimi nimesema mpaka maneno yameisha. Mshike mkono tu, umpandishe gari la kwenda hospitali, akasirike akiwa njiani. Akinichukia kwa hilo, nitashukuru, maana atakuwa hai. Usisubiri likizo, naomba sana.

Msalimie Dada Miriam na watoto. Mama anawasalimu wote kutoka Haneti, na Alnashir, ambaye hakujui, amesema nikupe salamu zake na kwamba yuko tayari kumsindikiza. Mungu akufungulie njia, akulinde mipakani, akukutanishe na ndugu yako akiwa bado anaweza kukuitikia.

Basi likichelewa kufika usiogope kugonga. Mimi silali, nakaa karibu naye kumsikiliza.

Ni mimi shemeji yako anayekungoja,

Evelina