Ukuta Mmoja, Chaja Mbili

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya tundu la ukutani, naomba unisaidie maana kichwa kinaniuma na wanangu hawasemezani.

Mimi ni mjane, nashona mapazia, na nina watoto wawili tu. Binti yangu mkubwa anafanya kazi maabara, na mdogo wake, tunayemwita Bosi tangu ananyonya, anapiga picha za harusi. Wanaishi mbali, kila mtu na mji wake, zamani walikuja kwa basi, na mwaka huu wote wawili wamenunua magari ya umeme, nikafurahi, kumbe nafurahia balaa, kwa sababu magari yenyewe yametoka nchi mbili tofauti na kila moja lina mdomo wake wa kuchajia, na chaji yao inawafikisha kwangu lakini haiwarudishi, na njiani hakuna pa kuchaji. Basi binti akasema Mama nitakuwekea chaja ukutani, Bosi naye akasema Mama nitakuwekea mimi, fundi umeme akaja, akatoboa ukuta karibu na dirisha, halafu ndipo akasema laini ya nyumba hii inabeba chaja moja tu, chagueni.

Mshauri, hapo ndipo nilipopotea. Binti anasema chaja yake ndiyo inayotumika kila mahali, Bosi anasema ya kwake ndiyo inayokuja, mimi nitajuaje? Bosi akaleta adapta ya mtumba ya kuunganisha gari lake na chaja ya binti, fundi akaiwasha chaja kwa majaribio, adapta ikaingia vizuri, tukapiga makofi, gari likagoma, fundi akasema kuingia si kuelewana. Nikavaa miwani nikahesabu mwenyewe, kichwa cha chaja ya binti kina matundu saba na gari la Bosi lina matundu saba, nikasema si haya yanalingana, wakacheka, eti tundu kwa tundu hayaingiani.

Kicheko kilipoisha binti akasema, “Mama, ulipofanyiwa upasuaji nani alikuuguza?” Bosi akasema, “Si unaona, siku zote ni yeye.” Nikawauliza mbona kila mmoja ana waya kwenye buti la gari wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida kama ya pasi, wakajibu kwa pamoja kwamba huo unachukua usiku kucha, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. Tangu siku hiyo hakuna anayekuja. Wananipigia simu, salamu mbili tatu, kisha, “Umeamua?” Nikiweka ya huyu, yule simuoni tena. Nimelifunika tundu kwa kipande cha pazia ili nisilitazame. Niweke chaja ipi?

Mama Mapazia

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mapazia, pole sana, ila nitakukaripia kidogo, na heshima yako iko palepale. Umekubali vipi kuwa hakimu wa ugomvi ambao hata wanaotengeneza magari hawajaumaliza? Nilimuuliza fundi wa magari hayo nisije nikakudanganya. Akaanza na midomo, akaenda kwenye adapta, alipofika kwenye matundu yako saba nikamwambia baba inatosha. Hujapungukiwa akili, mama. Mambo yenyewe ndivyo yalivyo.

Wanao nao wamenikera. Walipokuwa wanapanda basi walikuja bila kuuliza habari za ukuta. Na binti aambiwe kwamba kukuuguza hakumpi hati ya nyumba.

Sasa soma tena barua yako. Jibu umelitaja ukalipita. Ule waya wa kwenye buti, upande wa gari kila mmoja una mdomo wake, lakini upande wa ukutani nyaya zote mbili zinaingia kwenye soketi ile ile. Huhitaji adapta wala huhitaji kuchagua mtoto. Mwite fundi akuvutie laini ya peke yake hadi nje, aweke soketi imara yenye kinga yake. Ole wako utumie ile ya pasi au ekstensheni, utaunguza nyumba. Adapta ya mtumba irudi ilikotoka. Magari yachaji kwa zamu, usiku mmoja gari moja.

Watalalamika kwamba unachukua usiku kucha. Waache walalamike. Mama, wewe umelia kwa sababu ya chaja, lakini ninavyokusoma ulichokosa ni watu wa kulala kwenye vyumba walivyoviacha wanao. Chaja ya haraka ya ukutani ingekupa mtoto mmoja kwa saa chache, tena akiwa ameshika ufunguo mkononi. Soketi hii inakupa wote wawili mpaka asubuhi, na wakija pamoja, wa pili analala usiku mwingine, zamu ya gari lake.

Wapigie leo, maneno yawe yaleyale kwa wote: kwa mama kuna soketi moja, anayetaka chaji alale. Usijieleze zaidi ya hapo. Kisha ziba hilo tundu kwa saruji, na magodoro yao yatoe nje yapigwe jua.